Rekebisha kinachokusimamisha kabla ya kinachokukimbiza

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na huenda hakuna kitu kinachouthibitisha msemo huo katika miji yetu kuliko baiskeli ya mlima ya bei nafuu. Mzazi amejibana kwa miezi sita hadi akaweza kumnunulia mwanawe zawadi ya kufaulu mtihani. Baiskeli yenyewe imepakwa rangi mbili zinazong'aa, ina springi mbele na nyuma, na ubavuni pameandikwa kwa maandishi makubwa kwamba ina gia 21. Wiki ya kwanza watoto wa mtaa mzima huja kuitazama. Wiki ya tatu inaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Ifikapo mwezi wa tatu, gia zinaruka zenyewe, gurudumu la nyuma linayumba kama mlevi arudiye kwake, na kijana anamwendea baba na ombi: "Baba, naomba pesa ninunue gia nyingine. Hizi ni mbaya."

Mpenzi msomaji, usimkemee kijana huyo. Kusema kweli, ana haki ya kulalamika. Lakini kabla hujatia mkono mfukoni, au wewe mwanafunzi kabla hujatumia akiba yako ya muhula, ni vyema tujiulize pamoja swali moja: katika baiskeli ya namna hii, pesa chache zilizopo zianze kutumika wapi?

Wengi huanza na kile kinachoonekana. Hununua gia, springi mpya, usukani wa kisasa au pedali za rangi. Ushauri wangu leo ni kinyume cha hayo, nao ni rahisi kukumbuka. Anza na kinachokusimamisha, fuata kinachokushikilia barabarani, halafu kinachokubeba. Kinachokukimbiza kije mwisho. Anayeshindwa kwenda kasi huchelewa tu, lakini anayeshindwa kusimama pale penye matatu na malori hapati nafasi ya kujaribu tena.

Walivyofanya waanzilishi

Huenda ukadhani kuwa kubadilisha vipuri vya baiskeli kuukuu ni kazi ya maskini asiye na la kufanya. Sivyo. Baiskeli ya mlima yenyewe ilizaliwa kwa njia hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini mwa jiji la San Francisco huko Marekani, walikuwa wakinunua kwa bei ya kutupa baiskeli kuukuu zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940. Zilikuwa nzito na zenye matairi manene. Walizisukuma hadi kileleni kisha wakateremka nazo kwa fujo kwenye njia za vumbi. Mnamo Oktoba 21, 1976, walianza mashindano katika njia moja karibu na mji wa Fairfax, njia iliyokuja kujulikana kwa jina la Repack.

Jina hilo lina kisa chake. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya kukanyaga kinyumenyume, ambayo hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mtu alipofika chini ya mlima, breki ilikuwa imepata moto kiasi cha kuichoma grisi ikatoka moshi. Kabla ya kuteremka tena ilimpasa afungue kitovu na kukijaza grisi mpya, na neno "repack" lina maana ya kujaza upya.

Je, vijana hao walibadilisha nini? Hawakuhangaika na rangi. Gary Fisher, aliyekuwa mmoja wao, alitia kwenye baiskeli yake kuukuu breki za dramu na mipini ya breki ya pikipiki, pamoja na gia za kumwezesha kupanda mlima bila kushuka. Na walipoona kwamba fremu zile kuukuu hazikumudu mateso waliyozipa, waliacha kuzitia viraka. Mwaka wa 1977, Joe Breeze aliunda fremu mpya kabisa kwa mabomba imara ya chuma. Mwaka wa 1979, Fisher na mwenzake Charles Kelly walianza kuuza baiskeli zilizoundwa kwa ajili ya milima, fremu zake zikitengenezwa na Tom Ritchey. Kufikia mwaka wa 1981, kampuni ya Specialized ilikuwa ikiuza Stumpjumper, baiskeli ya mlima iliyotengenezwa kiwandani kwa wingi.

Nimekueleza kisa hicho kwa sababu kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mtu mwenye pesa kidogo aweza kuigeuza baiskeli duni ikawa ya maana, mradi ajue pa kuanzia. La pili ni kwamba kuna siku ya kuacha. Tutayarudia yote mawili.

Fungua daftari kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme baiskeli ulinunua kwa shilingi 12,000. Jiwekee mpaka: gharama zote za kuiboresha zisizidi nusu ya bei hiyo, yaani shilingi 6,000, nazo zigawanywe kwa miezi kadhaa. Ukiona orodha yako inafika bei ya baiskeli yenyewe, simama. Kwa pesa hizo zikijumlishwa na za kuiuza hiyo uliyo nayo, pengine ungepata mtumba ulioundwa vizuri zaidi tangu mwanzo.

Halafu, kabla ya kununua hata nati moja, mpelekee fundi aikague. Baiskeli nyingi za bei nafuu hufika dukani zikiwa vipande ndani ya sanduku, na huunganishwa haraka haraka na mtu ambaye kazi yake ni kuuza. Kwa hiyo nyingi ya kasoro tunazodhani ni za vipuri huwa ni za uunganishaji. Beringi zimekazwa mno au zimeachwa zikicheza, grisi iliyomo ni kidogo mno, na spoki nyingine zimelegea huku nyingine zikiwa zimekaza kama nyuzi za gitaa.

Kuna hata baiskeli ambazo uma wa mbele umefungwa nyuma mbele. Hilo unaweza kulitazama mwenyewe sasa hivi. Simama ubavuni mwa baiskeli usukani ukiwa umenyooka. Miguu ya uma inapaswa kuegemea mbele, na kama breki ni zile za kubana rimu, ziwe upande wa mbele wa uma. Zikitazama fremu, uma umegeuzwa, na baiskeli hiyo itakuwa ngumu kuongoza na ya hatari. Kuigeuza ni kazi ya dakika chache, wala haihitaji kipuri.

Breki

Sasa tuje kwenye pesa yenyewe. Shilingi ya kwanza iende kwenye breki.

Lifanye jaribio hili leo jioni. Shika breki ya mbele peke yake, kisha isukume baiskeli mbele kwa nguvu. Gurudumu la mbele lisizunguke hata kidogo, na la nyuma litake kuinuka. Fanya hivyo kwa breki ya nyuma. Gurudumu la nyuma liburuzwe bila kuzunguka. Kisha tazama mipini: breki ikiwa sawa, hushika kabla mpini haujafika nusu ya safari yake kwenda kwenye usukani. Mpini ukigusa usukani huna breki, hata kama baiskeli ilinunuliwa jana.

Dawa ya kwanza ni raba za breki. Zile zinazokuja na baiskeli ya bei ya chini mara nyingi huwa ngumu kama plastiki. Raba laini na nzuri ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa, na mabadiliko yake huyahisi siku hiyo hiyo. Mwambie fundi azipange zishike rimu peke yake. Raba ikipanda juu italikata tairi hadi tyubu ipasuke. Ikishuka chini yaweza kuteleza na kuingia kwenye spoki.

Dawa ya pili ni waya na mfereji wake wa nje. Waya ulioshika kutu ndani hula nguvu za mkono wa mtoto kabla hazijafika kwenye breki. Wasomaji wetu wa Mombasa wanalijua hili zaidi, kwani hewa ya chumvi haina huruma. Badilisha vyote viwili pamoja.

Ukitaka kubadilisha breki nzima, ziko zile zenye mikono miwili mirefu inayosimama wima kando ya gurudumu, ambazo Shimano waliziingiza sokoni mwaka wa 1996. Ni nzuri na hupatikana kwa wingi. Hata hivyo, kumbuka kwamba breki hizo huhitaji mipini yake, kwa kuwa huvuta waya mrefu zaidi kuliko breki za zamani. Mpini na breki ni kama mume na mke. Visipochukuana nyumba haina amani.

Jambo jingine la kuangalia ni upande. Katika desturi ya Uingereza breki ya mbele huwa mkono wa kulia, lakini Marekani na sehemu kubwa ya bara Ulaya huwa wa kushoto. Kwa kuwa mitumba yetu hutoka pande zote za dunia, baiskeli mbili katika nyumba moja zaweza kutofautiana. Chagua upande mmoja, na umwombe fundi azipange zote sawa. Mtoto anayeazima baiskeli ya dadake hapaswi kujifunza tofauti hiyo katikati ya mteremko.

Matairi

Baada ya kusimama, kinachofuata ni kushikilia barabara. Baiskeli ya mlima huja na matairi yenye meno makubwa yanayofaa matope na mchanga. Lakini tuulizane kweli: ni wangapi kati yetu wanaopanda milima? Kijana wa Umoja au Buruburu hutumia siku nyingi kwenye lami. Juu ya lami, meno hayo huleta mngurumo na uzito, na katika kona yenye maji hushika kidogo kuliko tairi laini. Kama safari zako ni za mjini, tairi lenye uso laini, la upana wa inchi 1.5 au 1.75, litakufanya udhani umepewa baiskeli nyingine. Kama wikendi unapenda kwenda msitu wa Karura au vilima vya Ngong, tafuta lile lenye ukanda laini katikati na meno pembeni.

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa, kwa hiyo nisome vizuri. Kuandikwa "26" kwenye tairi hakutoshi. Tairi la baiskeli ya mlima huandikwa kwa nukta, kwa mfano 26 x 1.95. Lile lililoandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, ni la rimu nyingine kabisa na halitaingia. Njia ya uhakika ni kutafuta ubavuni nambari ndefu kama 50-559. Tarakimu tatu za mwisho ni kipenyo cha rimu kwa milimita mahali tairi linapokalia. Baiskeli ya mlima ya inchi 26 ni 559, ya 27.5 ni 584, na ya 29 ni 622. Zile baiskeli zetu kubwa za kazi, za inchi 28, ni 635. Nakili tarakimu hizo kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, nawe utapunguza safari za kurudisha bidhaa.

Isitoshe, upepo ni kipuri cha bure. Ubavuni pa tairi pameandikwa kiasi cha upepo linachostahili. Mengi ya baiskeli za mlima huwa kati ya 40 na 65 katika kipimo kile kile kinachotumika kwa magari. Tairi lenye upepo kidogo huchosha miguu, hutobolewa upesi na huharibu rimu kila likiingia shimoni. Ukijaza kwenye kituo cha petroli, jaza kidogo kidogo ukikagua kipimo, kwa maana mashine ile iliundwa kwa ajili ya gari na yaweza kuipasua tyubu kwa kufumba na kufumbua.

Magurudumu

Sasa chukua sumaku, hata ile ndogo ya kwenye mlango wa friji, uiguse rimu. Ikinata, rimu yako ni ya chuma. Rimu ya chuma ina nguvu, lakini ikilowa maji raba huteleza juu yake kana kwamba imepakwa sabuni, na umbali wa kusimama huongezeka mno. Fikiria masika ya Aprili, jioni, barabara imejaa magari na mtoto anarudi nyumbani. Kama breki zako ni za kubana rimu, kubadilisha rimu ya chuma kwa ya alumini ni kuboresha breki kwa mara ya pili. Pesa zikiwa za gurudumu moja tu, anza na la mbele, kwa kuwa unapofunga breki uzito wote hukimbilia mbele, na gurudumu hilo ndilo hufanya kazi kubwa ya kukusimamisha.

Gurudumu la nyuma lina ugonjwa wake. Katika baiskeli nyingi za bei nafuu meno ya nyuma hufungwa kwa hesi juu ya kitovu, na beringi za upande huo hubaki mbali na ncha ya ekseli. Ekseli hivyo hubeba uzito mahali isipoegemezwa, ikapinda na hatimaye ikavunjika, hasa kama mpandaji ni mzito au amempakia mwenzake nyuma. Ukiona gurudumu la nyuma linayumba hata baada ya spoki kunyooshwa, mwombe fundi aikague ekseli. Ekseli mpya, gololi mpya na grisi safi ni nafuu sana kuliko gurudumu zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kiti na pedali

Kinachokubeba ni kiti, usukani na pedali. Wengi hulaumu kiti kwa maumivu ambayo kwa hakika yanatokana na urefu wa kiti hicho. Kaa juu ya baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukipanda kwa kutumia sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Watoto wetu hurefuka kila muhula, kwa hiyo kipimo hiki kirudiwe kila likizo. Nguzo ya kiti ikiwa fupi, nunua ndefu zaidi, lakini usiivute kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Kipenyo chake nacho hutofautiana baina ya baiskeli na baiskeli, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Pedali za plastiki huteleza zikilowa na hupasuka upesi. Za chuma au alumini zenye meno madogo ni nafuu na hudumu. Zipo za vipimo viwili: kama mikono miwili ya pedali ni chuma kimoja kilichopinda na kupita katikati ya fremu, utahitaji pedali za hesi ya nusu inchi, kama mikono imefungwa kila mmoja peke yake, ni 9/16 ya inchi. Na ya kushoto hufungwa kinyume na nati za kawaida. Fundi mchanga asiyelijua hilo ataikaza akidhani anaifungua, na ataharibu mkono mzima.

Mnyororo na gia

Tumefika sasa kwenye ombi la kijana wetu. Je, gia zake ni mbovu? Huenda zimechoka tu.

Chukua rula, upime mnyororo kuanzia katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake. Ukiwa mpya, umbali huo ni inchi 12 kamili, yaani takriban sentimita 30.5. Ukifika sentimita 30.7, mnyororo umelika na unayala meno. Ukiubadilisha mapema, meno yatapona. Ukichelewa, itabidi ununue vyote, kwa kuwa mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika huruka hadi mtu akagonga kifua kwenye usukani. Kwa baiskeli za meno 6, 7 au 8 nyuma, aina ya mnyororo ni moja, kwa hiyo usikubali kutozwa bei ya ajabu. Ule wa baiskeli ya kazi isiyo na gia ni mpana zaidi na hautakufaa.

Mara nyingi, mnyororo mpya, waya mpya wa gia na marekebisho ya skrubu mbili za kihamisha mnyororo hurudisha gia zote mahali pake. Ikiwa bado zinasumbua, kinachofaa kubadilishwa ni kihamisha cha nyuma na swichi yake kwenye usukani.

Usibabaishwe na idadi ya gia. Hizo 21 ni meno matatu ya mbele mara saba ya nyuma, na nyingi hurudiana. Ukiwa na meno 28 mbele na 14 nyuma, kila mzunguko wa pedali hulizungusha gurudumu mara mbili. Ukiwa na meno 48 mbele na 24 nyuma, ni mara mbili vile vile. Kwa hiyo usimlipe mtu pesa za kukuongezea gia ilhali zilizopo zinakurudia.

Usivyovihitaji

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Springi za bei nafuu ni mfano mzuri. Nyingi zina koili tu ndani, bila chochote cha kutuliza mruko wake. Hukurusha kama ngamia, huongeza uzito, na zile za nyuma hunywa nguvu unazokanyaga ukipanda mlima. Usizibadilishe kwa springi nyingine za bei ile ile. Uma mgumu usio na springi, ukiwa na tairi pana lenye upepo wa kadiri, ni mwepesi na una mashaka machache. Hakikisha tu urefu wake unakaribiana na ule unaoutoa, la sivyo baiskeli itainama mbele.

Wapo pia wanaotaka breki za diski kwa kuwa wameona za jirani. Diski huhitaji kitovu chake na mahali maalumu pa kufungia kwenye uma na fremu. Kama baiskeli yako haina sehemu hizo, mtu akikuambia atazichomelea, mshukuru na uende zako.

Tumia masalio ya bajeti kwa vitu visivyo na fahari: mabawa ya kuzuia matope yasiharibu sare ya shule, taa ya mbele na ya nyuma, kengele, na kufuli nzito. La kufuli si dogo. Kipuri cha kung'aa huwavutia wengine zaidi ya mwenyewe.

Siku ya kuacha

Nilisema tutarudi kwa wale vijana wa Marin. Breeze hakuunda fremu mpya kwa kuwa alichoka kupaka rangi ile ya zamani. Fremu ndiyo uti wa mgongo, na uti ukivunjika hakuna kiatu kizuri cha kumwezesha mtu kutembea.

Kila mwezi, osha baiskeli kisha ukague sehemu nne: mahali mabomba yanapokutana chini ya usukani, pale kiti kinapoingilia, karibu na pedali, na kwenye ncha zinazoshika gurudumu la nyuma. Ukiona rangi imepasuka kwa mstari mwembamba unaotoa kutu, usipande tena. Fremu ya alumini iliyopasuka isichomelewe kando ya barabara, kwa sababu joto la kuchomelea hudhoofisha alumini iliyo karibu na kiungo. Fremu ya chuma yaweza kuchomelewa na fundi hodari, lakini ya bei nafuu haistahili gharama hiyo wala wasiwasi wake.

Hata hivyo, msomaji, siku hiyo ikifika hutakuwa umepoteza kila kitu. Ukifuata vipimo tulivyotaja, yale matairi, raba, pedali, mnyororo na magurudumu yaweza kuhamia kwenye fremu nyingine iliyo nzuri zaidi. Ndiyo sababu tunasisitiza kununua vipuri vya vipimo vya kawaida badala ya vile vya ajabu ajabu visivyoingia popote. Haba na haba hujaza kibaba, na kijana aliyebadilisha kipuri kimoja kila mwezi kwa mikono yake, fundi akimwangalia, atakuwa amepata ujuzi ambao haupasuki wala hauibwi.

Na mzazi, mwanao akikujia na ombi la gia mpya, usimjibu ndiyo wala la. Toka naye nje. Mwambie ashike breki ya mbele na aisukume baiskeli kwa nguvu. Gurudumu likizunguka, nyote wawili mtakuwa mmejua pesa ziende wapi kwanza.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.